Kumbukumbu ya Sekunde Nne

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata, nikacheka peke yangu pale ulipoeleza jinsi ulivyomnyang'anya mwanao hadubini ukatazama tone la maji ya chombo cha maua, ukaona bakteria "wanayumba kama walevi". Kisha ukauliza: macho hawana, pua hawana, ubongo ndio kabisa, sasa wanajuaje waendako?

Hawajui, Rehema. Wanachojua ni walikotoka, na hicho nacho ni cha sekunde chache tu.

Mchukue Escherichia coli, yule wa utumboni, kwa kuwa ndiye aliyechunguzwa kuliko wote. Urefu wake ni kama mikromita 2, yaani ukiwapanga 500 kwa mstari unapata milimita moja. Ana mikia kadhaa myembamba, mirefu kuliko mwili wake, inayoitwa flajela. Mimi miaka yote nilidhani anaipunga kama samaki. Wapi! Kila mkia umechomekwa kwenye mota ya protini iliyozama katika ukuta wa seli, na mota hiyo inazunguka kweli kweli, zaidi ya mara 100 kwa sekunde, ikiendeshwa na protoni, chembe ndogo mno zenye chaji chanya, zinazoingia kutoka nje. Mwaka 1974 Michael Silverman na Melvin Simon walilithibitisha hilo kwa njia iliyonifurahisha sana: waliunasisha mkia kwenye kioo. Mkia ukashindwa kuzunguka, basi ukawa unazunguka mwili mzima wa bakteria, na mtu akauona kwa macho yake hadubinini.

Mota zikizunguka kinyume cha saa, mikia hujisokota ikawa kama kamba moja, naye anakwenda mbele kwa takriban sekunde moja. Mota zikigeuza, kamba inafumuka, anabiringika palepale kwa kama sehemu ya kumi ya sekunde, halafu anatoka tena kuelekea kokote alikoangukia. Huo ndio ulevi uliouona. Usukani hana. Wala usifikiri anaserereka akizima mota; kwa udogo wake maji ni mazito mno, hata mwanafizikia Edward Purcell alipopiga hesabu alikuta angesimama kabla ya kusogea upana wa atomu moja.

Sasa chakula anakifuataje? Ungedhani analinganisha utamu wa mbele na wa nyuma, kama sisi tunavyojua sauti imetoka sikio lipi. Lakini mwili wake ni mfupi mno, tofauti kati ya ncha mbili ni ndogo sana. Mwaka 1972 Robert Macnab na Daniel Koshland waliwachukua ndugu zake, Salmonella, wakawachanganya ghafla na maji yenye kirutubisho wanachokipenda. Ukolezi wake ulikuwa sawa kila upande, hapakuwa na "kule" pa kwenda. Hata hivyo wote walinyoosha safari, kana kwamba wanapanda kuelekea kwenye neema, kisha baada ya muda wakarudia kuyumba kwao. Walipopunguziwa ghafla, wakabiringika mfululizo. Maana yake walikuwa wanalinganisha sasa na punde iliyopita. Wana kumbukumbu! Nilipofika hapo niliweka kitabu chini, nikazunguka chumba.

Kumbukumbu yenyewe ni bandika bandua. Kwenye ncha ya seli kuna maelfu ya vipokezi vya protini vinavyoonja maji. Kimeng'enya kimoja hubandika methili, yaani vikundi vidogo vya atomu, juu ya vipokezi, kingine hubandua, polepole, na idadi ya methili ndiyo inayobeba habari ya hali ilivyokuwa. E. coli hulinganisha kama sekunde moja iliyopita na tatu zilizoitangulia. Mambo yakiwa yanaboreka, anachelewa kubiringika; yasipoboreka, anabiringika kama kawaida na kujaribu upande mwingine. Kwa hiyo njia haichagui, anachoamua ni lini aiache tu. Na kwa hilo pekee anafika.

Wapo wengine wenye mbinu zao. Pseudomonas hurusha nyuzi, zikanata, akajivuta kama mtu anayepanda kwa kamba. Wapo waliobeba ndani yao chembe za sumaku zilizopangwa kwa mstari, wakifuata uga wa sumaku wa dunia kuteremkia topeni. Hao ukitaka kuwaona, chukua maji yenye tope la chini, si ya maua, na usogeze sumaku taratibu kando ya kioo.

Umrudishie mtoto hadubini yake lakini. Na uniambie kama huyo uliyemtazama alikuwa anakwenda mbele akisimama-simama, au aligeuza akarudi kinyumenyume. Wapo wanaofanya hivyo, na ningependa kujua umempata yupi.

Nduguyo,
Salama