Si kila nyonga iliyovunjika inavuja kwenye ateri

Mhariri,

Makala yenu kuhusu majeruhi waliovunjika nyonga imekisifu sana chumba cha angiografia, yaani chumba ambako mishipa ya damu hupigwa picha na inayovuja huzibwa kutoka ndani. Sifa hizo ni za haki, ila msomaji anaachwa akidhani kila majeruhi wa aina hiyo anavuja kwenye ateri, mshipa unaotoa damu moyoni kwa nguvu. Sivyo. Mara nyingi damu hutoka kwenye vena, mishipa inayoirudisha damu moyoni, na kwenye mfupa wenyewe uliovunjika, na hiyo hupungua nyonga ikibanwa. Ndiyo maana mkanda wa nyonga hutangulia, au hata shuka iliyokazwa, mradi ikae usawa wa vifundo vya juu vya mifupa ya mapaja. Wengi huifunga kiunoni kama mshipi wa suruali, ikawa haina kazi.

Ateri tuishuku pale mgonjwa ameshafungwa mkanda, ameongezewa damu, presha ikapanda kidogo kisha ikaporomoka tena. Hapa makala iliruka jambo zito: ultrasaundi ya tumbo ikitoka safi, hatari bado ipo. Damu ya nyonga hukusanyika nyuma ya utando wa tumbo, ambako kipimo hicho hakioni vizuri, na nafasi hiyo humeza lita kadhaa. Kipimo cha mwanzo cha hemoglobini, yaani cha wingi wa damu, nacho hudanganya. Chaweza kuwa cha kawaida kabisa huku mtu anakwisha.

Akiwa na nguvu ya kuhimili safari hadi kwenye mashine, CT, yaani picha za eksirei za vipande vya mwili, yenye dawa ya kung'arisha mishipa ndiyo itakayosema. Dawa ikionekana imemwagika nje ya mshipa, katheta, mrija mwembamba, hupitishwa kinenani hadi kwenye matawi ya ateri ya ndani ya nyonga, na tawi linalovuja huzibwa kwa sponji ya jelatini au koili, waya mdogo uliojisokota. Asipoweza kungoja, daktari wa upasuaji hujaza vitambaa vya kukandamiza ndani ya nyonga, bila kufungua utando wa tumbo. Asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, itolewe mapema, kabla saa 3 hazijapita tangu ajali. Jaribio la CRASH-2 la mwaka 2010, lililoipima dawa hiyo kwa majeruhi wanaovuja damu, lilionyesha inapunguza vifo.

Wazee hamkuwataja kabisa. Hao huweza kuvuja ateri kwa kuanguka tu, na anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo hatakuonyesha mapigo ya kasi unayoyatafuta kama dalili ya kupoteza damu. Toleo lijalo liwape nafasi yao.

Daktari wa dharura