Shukrani kwa mama wa Minnehaha Falls

Jamani naomba nimshukuru hadharani mama mmoja ambaye hata jina hakututajia. Tulikuwa Minnehaha Falls, maporomoko ya maji hapa Minneapolis, Marekani, kwa picha za harusi ya dada yangu, maporomoko yameganda yote yamekuwa ukuta wa barafu, baridi nyuzi 15 chini ya sifuri na upepo juu yake, dada na gauni lake vidole vimeshakufa ganzi, anatetemeka mpaka midomo. Yule mama alikuwa anapita na mbwa wake akasimama, akamwingiza kwenye gari lake akawasha hita, akamtolea soksi nene za sufu na viatu vyake vya theluji vya akiba, gauni refu hivyo havionekani kabisa, halafu vile vifuko vya kupasha joto akamwekea ndani ya glavu na juu ya soksi, akasema sio kwenye ngozi maana vinaunguza. Na hakuondoka! Akabaki kwenye theluji ameshika koti, mpiga picha akishusha kamera tu anamfunika dada, hivyo hivyo mpaka tukamaliza.

Mama, Mungu akuzidishie. Na nyie mnaopita, mkiona maharusi wanatetemeka nje, simameni muwashikie hata koti.