Kabla hamjamwaga sato kwenye lambo, tazameni kwanza mna nini humo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kuhusu hizi habari za kupandikiza samaki kwenye malambo, maana kila nikifungua gazeti naona kiongozi kashika ndoo anamwaga vifaranga vya sato, watu wanapiga makofi, picha inapigwa, na hakuna hata mmoja anayeuliza kwenye hilo lambo kulikuwa na samaki gani kabla ya siku hiyo.

Mimi ni mkazi wa Mwanza na sipingi ufugaji wa samaki. Vizimba na boti za mkopo ambazo Rais Samia alikuja kuzikabidhi hapa Januari 2024 naziunga mkono kabisa, sangara wamepungua, vijana wanataka kazi, na sato ndani ya ziwa kubwa yupo tangu miaka ya 1950 kwahiyo ukimfuga mle kwenye kizimba hujaleta mgeni yeyote. Ninachopigia kelele ni malambo na vile viziwa vidogo vya pembeni, kwasababu huko ndo alikobaki ngege.

Vijana wengi wa sasa hivi ngege hawamjui, ukimtaja wanadhani unamsema sato. Huyu ndo alikuwa samaki mwenyewe wa Ziwa Victoria, samaki wa biashara wa Kisumu, Musoma, Mwanza na Bukoba kabla sangara hajasikika. Mwanzoni mwa karne iliyopita zikaingia nyavu za kisasa, akavuliwa sana, mpaka mwaka 1927 Waingereza wakamleta mtaalamu wao Michael Graham kuchunguza, naye akashauri macho ya nyavu yasishuke chini ya inchi 5. Baadaye masharti hayo yakalegezwa, ngege akazidi kupungua, halafu badala ya kumwacha apumue, miaka hiyo ya 1950 wakaletwa sato na sangara kutoka maji mengine.

Habari ya sangara inajulikana. Alivyofumuka kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 alimaliza furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, ambao walikuwa aina zaidi ya 500, na inakadiriwa kama aina 200 zimepotea. Watafiti waliokuwa Nyegezi waliyashuhudia hayo yakitokea mbele ya macho yao. Lakini sangara akipunguzwa angalau baadhi ya furu wanarudi, na tumeona wamerudi, wengine hata maumbile yao yamebadilika kidogo kuendana na ziwa jinsi lilivyo sasa. Hata magugu maji, ambayo miaka ya 1990 yaliziba mialo mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka, yaliletewa wadudu wadogo wanaoyatafuna na yakapungua, japo bado yanatusumbua.

Ya ngege na sato ni mbaya zaidi na haisemwi. Sato anakua haraka, anamnyang'anya mwenzake mazalia na chakula, na juu ya hayo anazaana naye, na machotara wao nao wanazaa, wanachanganyika tena na tena. Hapo hakuna wavu wala mdudu wa kukusaidia, ni sukari imeshakorogwa kwenye chai. Unaweza kuwa na lambo limejaa samaki na ngege halisi asiwemo hata mmoja.

Kwenye ziwa kubwa ngege karibu ameisha kabisa. Kwa wenzetu Kenya amebaki Kanyaboli, kale kaziwa ka bonde la Yala kalikozungukwa na mafunjo. Mafunjo yale ndo yalimwokoa, maana sangara anahitaji hewa nyingi majini na kwenye kinamasi hapiti. Huku kwetu yupo kwenye viziwa na malambo ya vijijini, na hata kwenye kiziwa cha Malimbe, hapa hapa jirani na Nyegezi, alikuwepo, lakini sato kashafika huko pia.

Najua kuna watakaosema ngege yupo Singida na Nyumba ya Mungu, kwahiyo wasiwasi wa nini. Kweli yupo, lakini kote huko alipelekwa na watu, Nyumba ya Mungu lenyewe ni bwawa la miaka ya 1960, na bonde la Pangani lina perege wake wa asili, yaani jamii hii hii ya ngege na sato, ambao nao hawakuomba wageni. Ziwa Chala, kule mpakani Kilimanjaro, kuna perege asiyepatikana pengine popote duniani, na humo nako watu washaingiza samaki wengine. Kwahiyo tusidanganyane kwamba ni suala la Kanda ya Ziwa peke yake, nchi hii ina aina nyingi za perege kuliko watu wanavyofikiri na kila bonde lina wake.

Wataalamu wa vifaranga watasema wanamwaga madume matupu, hawawezi kuzaana. Jamani, ile dawa ya kugeuza jinsia wanayowapa vifaranga ili wote wawe madume haifanyi kazi kwa kila kifaranga, huwa yanapenya majike machache, na hata hao madume wakikuta majike wa ngege lambo zima wanawazuia na nini?

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Kabla ya kumwaga kifaranga hata kimoja, afisa uvuvi atege nyavu humo usiku mmoja aone kinachonasa. Sato mkia wake una mistari ya wima iliyojipanga vizuri, ngege hana mistari hiyo, na samaki wakimtilia mashaka, TAFIRI, ile taasisi ya utafiti wa uvuvi, wapo hapa Mwanza, wapelekewe. Waulizwe pia wazee wa kijiji, wanajua walikuwa wanavua nini. Lambo likikutwa na ngege lisiguswe, liandikwe kwenye kumbukumbu za halmashauri, na wanakijiji waelezwe wana nini. Anayetaka sato achimbe bwawa lake mbali na mkondo unaoingia lambo hilo, maana mvua za masika zikifurika samaki hawajui mpaka wa shamba.

Na vituo vinavyozalisha vifaranga vianze kuzalisha na ngege. Nakubali hakui haraka kama sato, lakini ni mtamu, wazee mialoni mpaka leo wanamtaja, na ukitaka siku moja kumrudisha hata kwenye ghuba moja ya ziwa mbegu utaitoa wapi kama malambo yote yameshachanganywa? Mvua za vuli zikianza tu ndoo zitatoka tena, kwahiyo wanaohusika waamue kabla ya hapo.

Mkazi wa Nyegezi,
Mwanza.