Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama

Ndugu wanachama,

Poleni na safari, hasa mliotoka Kondoa na Mpwapwa na jua hili. Karibuni Dodoma.

Mkutano uliopita ulituagiza tutazame filamu zinazoonyesha mataifa makubwa ya mbali yakikutana na Afrika. Tumekutana kila mwezi, isipokuwa miwili: mmoja umeme ulikatika, mwingine ukumbi tuliokwisha kuulipia wakapewa watu wa harusi. Hela zetu zilirudi baada ya kufuatilia sana. Mengine ya fedha atayasoma mhazini.

Mimi naomba kukaa kwenye yale tuliyoyaona.

Tulianza na Black Hawk Down, filamu ya Kimarekani ya mwaka 2001, kuhusu mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993. Kabla ya kuzima taa, katibu aligawa karatasi: kila Msomali atakayetajwa kwa jina, mwandike. Katika mapigano yale walikufa wanajeshi 18 wa Marekani, na filamu inawalilia kama watu wenye sura na makwao. Wasomali walikufa kwa mamia. Karatasi zilirudi na majina mawili matatu, yote ya wakubwa wa vita. Akina mama, vijana, watoto waliokuwa juu ya mapaa, hakuna. Filamu yenyewe ilipigwa Moroko, ikapata tuzo mbili za Oscar, ya uhariri na ya sauti. Mzee wetu mmoja aliposikia hiyo ya sauti, aliuliza: sauti ya nani? Swali lake tumetembea nalo mwaka mzima.

Wolf Warrior 2 ya mwaka 2017 ni ya Wachina. Nilikuwa na matumaini nayo, kwa sababu China nayo ilionewa na wakubwa, na kwetu ilikuja kama rafiki. Humo nchi ya Kiafrika yenyewe haina hata jina. Kuna vita, kuna ugonjwa, kuna watu wanaosubiri kuokolewa, na mwokozi safari hii anatoka Beijing. Niliumia zaidi kuliko kwa ile ya kwanza.

Kijana mmoja wa Nkuhungu akatukumbusha kitu ambacho wasomi tulikuwa tumekipita. Kwenye kibanda umiza alikokulia, kile kibanda cha kuonyeshea video mtaani, mtafsiri anayeisimulia filamu kwa Kiswahili hakukubali mtu akae bila jina. Askari anayepita nyuma ya gari akipigwa risasi, tayari ameshaitwa Juma, ana mke, ana deni dukani. Watu wakicheka, lakini wakimwonea huruma Juma. Nasema kwa dhati kwamba wale watafsiri walikuwa wanatengeneza kilichoharibiwa, na chama hiki kinapaswa kuwaheshimu.

Kuhusu tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyoonyeshwa na televisheni ya taifa, TBC, mwaka 2011 kwa Kiswahili, tulibishana hadi usiku. Rais Xi Jinping aliitaja mwenyewe alipohutubia Dar es Salaam mwaka 2013, kwa hiyo msidhani ni mchezo wa wali na maharage tu. Wapo waliosema ni siasa. Mimi nasema ni siasa nzuri: aliyetaka tumfahamu alijitaabisha kusema lugha yetu sebuleni kwetu. Lakini na sisi tuna mama wakwe. Nani anawapeleka Beijing?

Hapo ndipo ninapofikia ombi langu. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa mwaka 1970 hadi 1975, na Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha. Makaburi yao yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Watanzania na Wazambia waliobeba mataruma pamoja nao wanazidi kupungua. Na hapa jirani tunayo Kongwa. Waingereza walikuja mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, ardhi na mvua vikawashinda, mwaka 1951 wakaacha. Miaka ya 1960 palepale wakakaa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia na MPLA ya Angola, vyama ambavyo mataifa makubwa yalikuwa yakivigombania. Wazee wa Kigogo waliowauzia maziwa, mabinti walioolewa nao, bado wengine wapo. Wanajua nani alikuja, alikula nini, aliimba nini.

Kamati inapendekeza tuache kutazama kwa miezi mitatu, twende Kongwa na kamera moja na vinasa sauti viwili, na kila mzee tuanze kwa kumwomba atamke jina lake kamili na la baba yake, kwa Kigogo au Kiswahili, apendavyo. Wanachama watatu wanajua Kigogo vizuri na wamejitolea. Gari bado. Mwenye gari la kupita njia ile wakati wa mvua asimame sasa, tumwandike kabla hatujapiga kura.