Kijana aende atakakopata namba

Louisville, Kentucky
20 Julai 2025

Ndugu yangu,

Habari za Dar? Nifikishie shikamoo kwa mzee, na mpe pole shemeji kwa ule mguu. Huku wote wazima, ni joto tu linalotutesa. Ujumbe wako niliupata, na kuchelewa kwangu kujibu ni kwa sababu jambo lenyewe haliishi kwa dakika mbili za simu. Kwa hiyo nakuandikia, na wewe umsomee dada yako taratibu.

Umeuliza: kijana wetu anacheza kikapu sekondari huku Marekani, ni mrefu, mkono anao, amebakiza mwaka mmoja tu, mbona vyuo vikubwa havipigi hodi? Na dada yako anataka angoje hadi Novemba, siku za kumwaga wino, huenda jina kubwa likajitokeza. Maoni yangu ni kwamba asingoje. Nitakueleza kwa nini, maana ukijua kikosi cha chuo kinavyosukwa sasa hivi utaacha kumlaumu kocha wake. Yule mwalimu hana kosa.

Zamani kocha wa chuo cha Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la michezo ya vyuo, alikuwa na skolashipu 13. Kila mwaka aliingiza vijana watatu au wanne wa sekondari, akawalea, na mwaka wa tatu ndipo wanacheza hasa. Aliyehama chuo alikaa nje msimu mzima, hivyo watu walivumilia kusugua benchi. Utaratibu huo umekufa. Oktoba 2018 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ilianzisha daftari la uhamisho, ambalo wenyewe wanaliita potali. Mwaka 2021 ikaruhusu mchezaji ahame mara moja bila kukaa nje, na tangu 2024 anahama kila mwaka akitaka, ilimradi masomo yake yamenyooka. Fedha nazo zikaingia: kwanza biashara ya jina na sura, yaani mchezaji kulipwa kwa matangazo, Julai 2021, na sasa, tangu tarehe 1 ya mwezi huu, kufuatia ile kesi ya House ambayo wachezaji waliishtaki NCAA, chuo kinaruhusiwa kumlipa mchezaji moja kwa moja. Ukomo kwa mwaka huu wa kwanza ni dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo, na mpira wa miguu wa Kimarekani ndio unaomega fungu nono. Vyuo vilivyoingia kwenye mpango huo vinaruhusiwa wachezaji 15 wa kikapu cha wanaume, hakuna wa 16.

Sasa piga hesabu. Mwaka huu dirisha la uhamisho lilifunguliwa Machi 24 likafungwa Aprili 22. Wanaume zaidi ya 2,000 waliandikisha majina. Vyuo vya Divisheni ya Kwanza ni zaidi ya 350. Kila kimoja kikiwa na watu 15, utaona kwamba zaidi ya theluthi ya wachezaji wote wa nchi walikuwa sokoni kwa mwezi mmoja. Usajili wa Simba na Yanga tunaoupigia kelele ni cha mtoto. Kocha mwenye nafasi moja tupu, mezani ana kijana wa miaka 18 anayefunga pointi 18 dhidi ya watoto wenzake, na ana mwanamume wa miaka 22 aliyefunga pointi 14 kwenye mechi za chuo, mwili umekomaa, mikanda ya video ya mechi zake yote ipo. Kibarua chake kinategemea kushinda mwaka huu. Atamchukua nani?

Timu ya hapa mjini ni mfano mzuri, nayo naifuatilia kwa karibu. Msimu wa 2023-24 Louisville ilishinda mechi 8 ikapoteza 24. Machi 2024 wakamleta Pat Kelsey kutoka Charleston, na karibu kikosi kizima kikawa kipya. Angalia alivyopanga. Alianza na pointi gadi, yaani mwendesha mchezo, Chucky Hepburn, aliyecheza misimu mitatu Wisconsin, mtu anayekaba kweli na asiyepoteza mpira. Halafu mfungaji, Terrence Edwards Jr., mchezaji bora wa ligi yake akiwa James Madison. Halafu akaja na watu wake wawili wa Charleston, mtupaji wa pointi tatu Reyne Smith na senta James Scott, ambao tayari walijua michezo yake na wangewafundisha wengine mazoezini. Waliobaki walijaza mapengo. Wakamaliza na ushindi 27, vipigo 8, na ndani ya ligi yao ya ACC, ushindi 18 kwa vipigo 2. Upande wa pili nao uone: fowadi Kasean Pryor aliumia goti Bahamas Novemba, Koren Johnson bega lake likamtoa baada ya mechi chache, na kwa kuwa hapakuwa na vijana waliolelewa benchi, wale wachache walicheza dakika nyingi hadi Machi, wakatolewa na Creighton mechi ya kwanza ya mashindano ya taifa.

Mwaka huu kazi imeanza tena. Hepburn, Edwards na Smith wamemaliza muda wao. Kelsey ameleta Ryan Conwell kutoka Xavier, Isaac McKneely kutoka Virginia, Adrian Wooley kutoka Kennesaw State, na senta Sananda Fru kutoka ligi ya Ujerumani. Maana siku hizi hata wanaume waliokwisha kucheza ligi za Ulaya wanagombea nafasi hizo hizo. Wa sekondari mwenye jina kubwa aliyechukuliwa ni mmoja, Mikel Brown Jr., naye ni pointi gadi wa daraja la juu kabisa nchini. Hapo ndipo kijana wetu anapogonga ukuta.

Usinielewe vibaya, mlango wa sekondari haujafungwa. Duke ya msimu uliopita ilisimama juu ya vijana wa mwaka wa kwanza: Cooper Flagg, Kon Knueppel, na Khaman Maluach, yule Msudani Kusini aliyekulia Uganda na kupitia Akademi ya NBA kule Senegal. Lakini Maluach ana futi 7 na inchi 2, na mwezi uliopita amechaguliwa wa 10 kuingia NBA. Vyuo vikubwa vinawangoja watu wa namna hiyo. Fowadi wa futi 6 na inchi 7 asiyetupa pointi tatu kwa uhakika hangojwi na mtu.

Ndiyo maana narudia: aende atakakopata namba. Tazama waliopanda ngazi. Conwell huyu alianza South Florida, akaenda Indiana State, akaenda Xavier, sasa yuko hapa. Vyuo vinne, misimu minne. Dalton Knecht alianza chuo cha miaka miwili kule Colorado, akaenda Northern Colorado, kisha Tennessee, akawa mchezaji bora wa ligi ya SEC 2024. Mabingwa wa mwaka huu, Florida, magadi wao walitoka Iona, Belmont na Florida Atlantic, na Rueben Chinyelu, Mnigeria wa Akademi hiyo hiyo ya Senegal, alipitia Washington State. Wengi wao hawakungoja simu ya chuo kikubwa wakiwa sekondari. Walicheza dakika nyingi mahali padogo, mikanda ikajaa, soko likawaona.

Na makocha wanapotazama mikanda hiyo, wanatazama nini? Pointi kwa mechi ni kitu cha mwisho. Kwanza mitupo huru, ile ya adhabu, kwa sababu asilimia yake inaeleza mkono wa mtu vizuri kuliko pointi tatu 40 alizojaribu msimu mzima. Kijana akiwa chini ya asilimia 65, hakuna atakayeamini kwamba atajifunza kutupa mbali. Pili faulo: mrefu anayefanya faulo nne kwa dakika 20 hapangiki. Tatu, mechi dhidi ya timu kali, siyo zile walizoshinda kwa pointi 40. Nne, anafanya nini akiwa hana mpira. Anarudi mbio kukaba, au anatembea? Baada ya hapo wanampigia kocha wake wa zamani kuuliza tabia, wanadai picha za magoti, na ofisi ya taaluma inapitia matokeo yake kabla ya ofa kutoka. Kwa hiyo akirekodiwa, irekodiwe mechi nzima. Vipande vya dakika mbili vyenye muziki wanavipita.

Sasa jambo linalonikosesha raha kuliko yote, nalo ni masomo. Agosti anaanza muhula wa saba wa sekondari. Kanuni ya Divisheni ya Kwanza ni masomo ya msingi 16: Kiingereza miaka minne, hisabati mitatu kuanzia aljebra ya kwanza, sayansi miwili, mmoja wa ziada katika hayo matatu, sayansi ya jamii miwili, na minne mingine ya aina hizo au lugha, dini, falsafa. Wastani wa alama usishuke 2.3 katika 4. Mtihani wa SAT wameuondoa, hilo lisimsumbue. Lakini 10 kati ya hayo 16 lazima yawe yamekamilika kabla ya muhula huo wa saba kuanza, na 7 kati ya 10 yawe Kiingereza, hisabati au sayansi. Ukishaanza, alama za yale 10 zimefungwa, hawezi kurudia somo kuzipandisha. Na saa inahesabiwa tangu alipoanza darasa wanaloliona sawa na la tisa la Marekani, kwa hiyo alichosoma huko nyumbani kinaingia. Shule yake ya sasa inaweza kumwambia yuko sawa kwa sababu atahitimu. Kuhitimu na kukubaliwa na NCAA ni vitu viwili tofauti. Wengi wanaanguka hapo, ofa ikiwa mkononi.

Kuhusu fedha, mwambie dada yako asizipigie hesabu. Kijana yuko na viza ya F-1, ile ya wanafunzi, ambayo inamfunga asifanye kazi nje ya chuo bila kibali, na kuhusu malipo haya mapya ya vyuo wanasheria hawajakubaliana kama mwenye F-1 anaweza kuyapokea salama. Yule Mkongo wetu wa Lubumbashi, Oscar Tshiebwe, akiwa mchezaji bora wa taifa pale Kentucky mwaka 2022, ilibidi kazi za matangazo azifanye timu ilipokwenda Bahamas, nje ya ardhi ya Marekani. Sasa ole wake wakala atakayemletea kijana mkataba wa juu juu asaini. Tena mikataba ya makampuni na watu wasio wa chuo kuanzia dola 600 sasa inapitishwa kwenye chombo cha ukaguzi, na usiopita mchezaji haruhusiwi kuupokea. Asisaini kitu chochote kabla mwanasheria wa uhamiaji hajakisoma.

Akishaingia chuo kidogo, achague shahada inayokubalika kwingine. Mtu anasahau kwamba mwaka wa tatu unapoanza lazima awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada, wa nne asilimia 60, na hesabu hiyo inafanywa kwa shahada ya chuo anachohamia. Krediti 60 zinaweza kugeuka 42 kwenye meza ya msajili mpya, na uhamisho ukafia hapo hata kama kocha anamlilia. Na asiandikishe jina kwenye daftari kwa hasira za kukaa benchi wiki mbili: akishaandikisha, chuo chake kina haki ya kusitisha skolashipu mwisho wa muhula, na kila mwaka wapo wanaobaki bila timu.

Yule mwalimu aliyewatafutia shule alitaja vyuo viwili vidogo vilivyoonyesha nia. Kama hata kimoja kina fowadi wawili wanaomaliza mwakani, basi hicho ndicho, hata kama dada yako hajawahi kukisikia.

Nijibu haya haraka, tafadhali, maana Agosti iko mlangoni. Urefu wake bila viatu ni upi, na mikono akiitandaza ni inchi ngapi? Mitupo huru msimu uliopita alipiga mingapi, ikaingia mingapi? Kidato cha kwanza alianza mwaka gani na mwezi gani hasa? Nakala za matokeo ya kidato cha kwanza na cha pili, zenye muhuri wa shule, unazo, na yale ya NECTA? Akaunti ya kituo cha usajili cha NCAA amefungua, au shule ilisema itafungua ikanyamaza? Masomo 10 ameyafikisha, na kama hajayafikisha, kuna darasa la kiangazi analoweza kumaliza kabla ya shule kufunguliwa? Alipocheza ligi ya mkoa pale Dar kuna mtu aliyemlipa chochote zaidi ya nauli na chakula, na kama yupo, kuna karatasi? Vile vyuo viwili ni vipi, na ni kocha mkuu aliyepiga au msaidizi? Na mwenyewe kijana anasemaje, au sote tunaongea juu ya kichwa chake?

Tuma hata kwa picha za simu, mradi zisomeke. Ukipata matokeo ya shule usingoje mengine, yatangulize hayo.

Wasalimie wote,
Nduguyo