Barua kwa vijana niliowaposea

Wanangu,

Nimekuwa mshenga mara nyingi hapa Temeke. Jumapili iliyopita niliitwa kwenye nyumba ambayo posa yake niliipeleka mwenyewe, safari hii kumsikiliza kijana anayetaka kumrudisha mke kwao. Sababu yake ni kwamba mtoto wao wa kiume ana miaka minne na hasemi. "Ukoo wetu hauna watoto wa namna hii," alisema mbele ya wakwe, na mama yake akaitikia.

Mtoto mwenyewe alikuwapo. Alikaa pembeni akipanga visoda kwenye ukingo wa mkeka, vyekundu kivyao, vya kijani kivyao, hakuna kilichopinda. Shangazi akavisukuma kwa mguu apate pa kuweka sinia la chai. Mtoto akapiga ukelele, akaziba masikio, akaanza kugonga kichwa ukutani. Baba akatugeukia: "Si mnaona wenyewe?" Nilichoona mimi ni mama yake akinyanyuka na kuweka kiganja kati ya kichwa na ukuta, kikagongwa kile kiganja mpaka mtoto alipotulia. Hakuna mwanamume aliyesogea, nami nikiwemo. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Hali ile inaitwa usonji. Ni ubongo kukua kwa namna yake tangu tumboni, na sehemu kubwa hutokana na vinasaba, vya baba na vya mama. Hailetwi na uchawi wala chanjo. Lile andiko la Uingereza la mwaka 1998 lililoisingizia chanjo ya surua lilifutwa na jarida lililolichapisha, mwaka 2010. Na kumlaumu mama hakukuanzia kwetu. Daktari Leo Kanner aliieleza hali hii kule Marekani mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye wataalamu walidai watoto hawa wameharibiwa na mama wasio na upendo. Walikosea, wakaacha. Ninyi mnaokota walichokitupa.

Linaloniuma zaidi ni kukimbia kwenu. Mnatuma elfu kumi kwa simu mwisho wa mwezi, mnakaa kijiweni na kusema mnatunza. Nani anambeba mtoto wa miaka sita kugombea daladala ya Mbagala, konda akipiga debe, honi zikimchoma mtoto masikio, abiria wakimwambia mama, "Mchape huyo, umemdekeza"? Nani anayelala macho wazi asije mtoto akafungua mlango usiku akatoka? Mlipotaka kuoa mlinisumbua hata usiku wa manane. Leo mnanitaka nikamweleze baba mkwe kwamba binti yake ndiye mwenye kasoro. Sitakwenda.

Mpelekeni mtoto akapimwe masikio kwanza, maana asiyesikia naye huchelewa kusema. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina lake, au mwenye maneno yaliyoanza kisha yakapotea, msimngoje akue. Muhimbili kuna wataalamu. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, pale Ilala, hupokea watoto wenye mahitaji maalumu. Kabla ya kutoka naye mwambieni mnakokwenda, kwa maneno machache, yaleyale kila siku. Msimfungie ndani. Msimchape. Na mwenzenu mwenye mtoto mkubwa wa kidato cha pili aliyeacha kula na kuzungumza, asimwite mvivu. Huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na inatibika.

Serikali nayo isikie. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa wetu wa Dar es Salaam, lakini shule zenye vitengo vya usonji ni chache mno, na mama wa Chanika hawezi kuamka saa tisa usiku kila siku kumwahisha mtoto mjini. Nanyi masheikh na wachungaji, waombeeni watoto, ila msiwatoze mama zao pesa za kutoa mapepo ambayo hayapo.

Kikao tumekiahirisha hadi Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri. Visoda niliviokota vyote, vipo kwangu kwenye kopo la maziwa. Nitamkabidhi kijana wangu mkononi, aketi chini na mwanawe, wavipange upya, sisi wengine tukisubiri chai nje.

Mshenga wenu,
Mtoni kwa Aziz Ali