Barua kwa mpwa wangu aliyechaguliwa kidato cha tano

Mpwa wangu,

Mama yako amenipigia simu mara tatu wiki hii, na mara zote tatu amemaliza kwa kulia, jambo ambalo kwa dada yangu, ninayemfahamu tangu utotoni, si la kawaida. Amenieleza kwamba umechaguliwa kwenda kusoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, katika shule ya bweni mkoani Tabora, na kwamba wewe umesema huendi, kwa kuwa kuna menejimenti iliyousikia wimbo uliorekodi Mbagala na inataka kukusajili kwa miaka mitano. Nimeamua kukuandikia hadharani, bila kulitaja jina lako, kwa sababu ana kwa ana wewe na mimi huishia kwenye utani na jambo lenyewe likapotea, na pia kwa sababu najua mazungumzo haya yanaendelea katika nyumba nyingi zaidi ya yenu.

Nianze na kosa la mama yako, ili usidhani nimetumwa. Anaposema muziki si kazi, amekosea, naye anajua kuwa amekosea, kwani marehemu baba yetu alikuwa akitupeleka dansini. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara kama makarani. Katika kizazi chenu cha Bongo Fleva, Joseph Mbilinyi aliingia bungeni mwaka 2010, Joseph Haule akamfuata mwaka 2015, na Hamisi Mwinjuma, yule mnayemwita MwanaFA, alichaguliwa Muheza mwaka 2020 na kuwa naibu waziri mwaka 2023. Hao wote walijulikana kwanza kwa mistari yao. Kwa hiyo hoja ya kwamba muziki ni uhuni tuiache, haina miguu.

Unajua kwamba mimi niliacha shule kidato cha pili, mwaka 1986, nikatoka Morogoro kwenda Dar es Salaam kupiga gitaa la rithimu. Kila unapobanwa na mama yako unanitaja mimi, na huwa unaisimulia nusu ya kwanza tu ya habari yangu. Ni kweli kwamba nilifika. Lakini bendi niliyoingia ilikuwa shule ya aina yake: mazoezi kila siku kuanzia saa nne asubuhi, mkongwe amekaa pembeni yako akikusikiliza vidole, na ukikosea anakusimamisha mbele ya wenzako wote. Nilikaa miezi saba bila kupanda jukwaani. Hata Hukwe Zawose, ambaye dunia nzima ilimwalika kupiga ilimba na zeze, alijifunza nyumbani Ugogoni kwa waliomtangulia kabla hajawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Nakuuliza bila kejeli: huko unakokwenda, nani atakukalisha chini akufundishe? Kwa maelezo ya mama yako, watakupangia nyumba Sinza pamoja na vijana wengine wanne, mtasubiri prodyuza apate nafasi, na katikati mtapigwa picha. Mimi niliacha darasa nikaenda kufundishwa. Wewe unaacha darasa uende kusubiri.

Nusu ya pili ya habari yangu huijui kwa sababu sikuwahi kuisimulia. Vyombo vyote vilikuwa mali ya mwenye bendi, hata waya wa gitaa langu, hivyo siku nilipogombana naye niliondoka na nguo zangu tu. Mwaka 1994 msambazaji mmoja wa kaseti aliniita dukani kwake, akanipa bahasha na karatasi ya ukurasa mmoja iliyoandikwa Kiingereza. Nilihesabu fedha kwa makini sana, ila karatasi sikuisoma, maana nisingeielewa hata kama ningeisoma. Nilikuwa nimeuza nyimbo zangu nne moja kwa moja. Moja ya hizo bado unaisikia kwenye mabasi ya kwenda mikoani, na mama yako huimba kiitikio chake akifua. Nilipokuwa na miaka 39 nilifanya Mtihani wa Maarifa, ule mnaouita QT, na baadaye nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nimeketi katikati ya watoto wa rika lako walionishikia mlango wakidhani mimi ni msimamizi. Nilitaka tu kuweza kuisoma ile karatasi. Niliisoma, na ilisema vilevile nilivyohofia.

Sasa tuje kwenye karatasi yako, kwa maana nimetumiwa picha zake. Unajua kwa nini wameipeleka kwa mama yako? Kwa sababu una miaka 17, na kwa sheria ya mikataba ya Tanzania mtu hafungwi na mkataba mpaka afikishe miaka 18. Bila sahihi ya mzazi hawana kitu mkononi. Kifungu cha nne kinasema kazi zote utakazotunga ndani ya miaka mitano ni zao daima. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Fikiria ni nani atakuwa hai wakati huo, na ni nani atakuwa akipokea mrabaha wa sauti yako. Kifungu cha tisa kinadai uwe tayari kwa kazi wakati wote, na ndicho hicho kinachokutoa shuleni. Kuhusu kuvunja mkataba, umri wako ulitosha kumsikia Harmonize akieleza hadharani, baada ya kuondoka katika lebo ya Wasafi mwaka 2019, kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500. Yeye alikuwa tayari ana jina la kumwezesha kuzitafuta. Wewe una wimbo mmoja.

Hapo utaniambia wimbo utapoa. Hiyo ndiyo hoja yako nzito kuliko zote, na sitajifanya kwamba ninayo dawa yake. Huenda ukapoa kweli, na watu wa Mbagala wakahamia kwa kijana mwingine. Nimeona wenye vipaji kuliko mimi wakipitwa na msimu wao kwa sababu ya malaria ya wiki mbili. Ninachoweza kukuonyesha ni hesabu: kidato cha tano kinaanza Julai, mtihani wa kidato cha sita ni Mei, jumla ni takriban miezi 22, na kati yake kuna likizo ambazo studio hazifungwi. Ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, kwa hiyo mzigo wa mama yako ni nauli, godoro, tranka na mahitaji madogomadogo, na nauli nimeshamtumia. Ukimaliza, muziki wenyewe unasomwa: TaSUBa, kile Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, wapo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapo, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Arusha wapo. Ukitaka kusoma sheria badala yake, sitalia.

Halafu kuna jambo la HKL ambalo sidhani umelifikiria. Hiyo K ni ushairi, vina na mizani kila wiki, na usinikasirikie nikisema kwamba ubeti wa pili wa wimbo wako unachechemea. Mstari wa tatu umezidi mizani mbili, ndiyo maana unaukimbiza kwa pumzi.

Jumamosi nitapanda treni ya asubuhi kutoka Morogoro. Nitakuja na lile gitaa langu la mbao, nyuzi nimebadilisha, na nimeuliza mwalimu mmoja wa Tabora akaniambia bwenini wanaruhusu chombo kisichotumia umeme, mradi kisipigwe baada ya saa nne usiku. Mwambie mama yako asisaini chochote mpaka nifike, nawe nenda kaitoe ile karatasi nakala mbili, moja yangu, moja ya kuweka chini ya tranka.

Mjomba wako